Simu inaita, inapokewa, kisha kimya: tatizo la kutafuta kwenye anwani tatu

Swali: Tumeweka seva ya Asterisk (programu ya kuendesha simu za intaneti) ofisini, nyuma ya ruta yetu. Wafanyakazi walio nje wanatumia programu za simu kwenye kompyuta na simu zao za mkononi. Simu inaita vizuri na inapokewa, lakini mara nyingi upande mmoja hausikii kitu. Nyingine zinasikika safi kabisa halafu zinakatika zenyewe, karibu kila mara baada ya nusu dakika. Simu za video haziiti kabisa, ilhali za sauti kwa mtu yuleyule zinaita. Tumeongeza kasi ya intaneti mara mbili na hakuna kilichobadilika. Naomba mnieleze simu hizi zinaunganishwaje, na tuanzie wapi kurekebisha.

Jibu: Suala la kasi liwekeni kando, halihusiki hapa. Simu moja ya sauti kwa kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti na baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP. Jumla ni kilobiti 80 kwa sekunde kwenda na nyingine 80 kurudi. Kasi ikiwa ndogo sauti hukatikakatika na kukwaruza, haifi upande mmoja tu, na simu haikatiki kwenye sekunde ileile leo na kesho. Hitilafu inayotunza saa namna hiyo hutoka kwenye itifaki. Nanyi hamna hitilafu moja, mna tatu.

Simu ya intaneti ina njia mbili. Njia ya ishara ndiyo inayomtafuta mpigiwa, inayofanya simu yake iite, inayokubaliana juu ya kodeki na inayokata simu. Kwenye Asterisk kazi hiyo hufanywa na SIP, kwa kawaida kwenye poti 5060 ya UDP au TCP (njia mbili za kusafirisha data: TCP huhakikisha imefika, UDP haihakikishi), au 5061 ikiwa imesimbwa kwa TLS. Njia ya pili ni ya sauti na picha zenyewe, zinazosafirishwa na RTP juu ya UDP kwenye poti zinazochaguliwa upya kila simu. Njia hizi mbili zinaweza kupita kwenye ruta tofauti na hata kuishia kwenye mashine tofauti. Kwa hiyo simu kuita ni ushahidi kwamba ishara imefika, basi. Kuhusu sauti haijathibitisha lolote.

Sasa tazameni ujumbe unaotoka kwenye programu ya mfanyakazi aliye nyumbani anapobonyeza kitufe cha kupiga. SIP ni maandishi matupu, mtu anaweza kuyasoma kwa macho, na hiyo ni moja ya sababu ilipendwa kuliko H.323, itifaki nyingine ya simu ya mwaka 1996, ambayo ujumbe wake ni wa namba za jozi (binary) usiosomeka kwa macho. Mistari michache isiyotuhusu tumeiacha:

```
INVITE sip:102@sip.mfano.example SIP/2.0
Via: SIP/2.0/UDP 192.168.1.20:5060;branch=z9hG4bK7a3f;rport
Max-Forwards: 70
From: <sip:101@sip.mfano.example>;tag=8c21
To: <sip:102@sip.mfano.example>
Call-ID: 5d90e1@192.168.1.20
CSeq: 1 INVITE
Contact: <sip:101@192.168.1.20:5060>
Content-Type: application/sdp

v=0
o=- 3021 3021 IN IP4 192.168.1.20
s=-
c=IN IP4 192.168.1.20
t=0 0
m=audio 14002 RTP/AVP 9 8 0 101
a=rtpmap:101 telephone-event/8000
```

Sehemu ya juu ni SIP. Ya chini, kuanzia `v=0`, ni SDP: maelezo ya simu inayopendekezwa. Mstari wa `m=` unasema "niletee sauti kwenye poti 14002, nami naweza G.722 (namba 9), G.711 ya A-law (8) au ya µ-law (0)", na 101 ni kwa ajili ya vitufe vya namba vinavyobonyezwa katikati ya mazungumzo.

Anwani 192.168.1.20 imejitokeza mara tano. Ni anwani ya ndani ya nyumba ya mfanyakazi. Nje ya ruta yake haielekezi popote. Kwenye Call-ID na kwenye `o=` haina madhara, kwa kuwa pale ni kitambulisho tu. Zinazobaki ni tatu, na kila moja ina kazi yake. Ya Via inasema majibu ya ujumbe huu yarudishwe wapi. Ya Contact inasema maombi yatakayofuata ndani ya simu hii, kama ACK (ya kuthibitisha) na BYE (ya kukata), yaelekezwe wapi. Ya `c=` inasema sauti ipelekwe wapi.

Ya Via ilikwisha kupatiwa dawa. Neno `rport` mwishoni mwa mstari huo linamwambia mpokeaji apuuze kilichoandikwa na arudishe jibu kwenye anwani na poti ambako pakiti imetoka kweli. Ndiyo maana simu zenu zinaita. Hizo nyingine mbili hazina bahati hiyo, na ndizo zinazowasumbua.

Mtiririko uliobaki ni mfupi. Seva hujibu kwanza 401 ikidai uthibitisho wa nywila, programu hutuma INVITE tena ikiwa na jibu la uthibitisho, seva hutuma 100 (nimepokea, subiri), kisha 180 simu ya mwenzake inapoita, kisha 200 inapopokewa. Ndani ya 200 kuna SDP ya upande wa pili, yenye poti yake na kodeki alizozikubali. Mpigaji hufunga makubaliano kwa ACK. Kumbukeni pia kwamba Asterisk haipitishi ujumbe huo kama ulivyo. Huukata, ikaanzisha simu ya pili kwenda kwa mpigiwa, na kwenye kila upande huandika Contact na `c=` zake yenyewe. Kwa hiyo anwani za ndani zinaweza kuvuja kutoka sehemu mbili: kwenye programu za wafanyakazi, na kwenye seva yenu ambayo nayo iko nyuma ya ruta.

Kimya cha upande mmoja

Seva ikisoma `c=IN IP4 192.168.1.20` na kuiamini, itamwaga pakiti 50 kwa sekunde kwenye anwani isiyofikika. Mfanyakazi hasikii kitu, lakini sauti yake inafika, kwa kuwa yeye anatuma kwenye anwani ya seva iliyo sahihi. Kinyume chake, seva ikitangaza anwani yake ya ndani, aliye nje ndiye asiyesikika.

Upande wa seva, kwenye sehemu ya transport ya pjsip.conf, faili ya mipangilio ya SIP ya Asterisk, wekeni `external_media_address` na `external_signaling_address` zikiwa na anwani yenu ya nje, na `local_net` ikitaja mtandao wa ndani ili simu za ofisini zisiguswe. Mabadiliko ya transport kwa kawaida hayashiki kwa `reload`. Anzisheni upya Asterisk nzima, la sivyo mtahangaika kutwa mkidhani dawa haijafanya kazi.

Kwa kila endpoint (mipangilio ya simu moja) ya mtumiaji wa nje wekeni hivi:

```
rtp_symmetric=yes
force_rport=yes
rewrite_contact=yes
direct_media=no
```

Ya kwanza inaiambia seva isiamini `c=`, bali irudishe sauti kule inakoiona ikitoka. Ina sharti moja: mtumiaji lazima awe wa kwanza kutuma. Programu iliyowekwa kutotuma kitu mtu anaponyamaza inaweza kuanza simu kwa kimya hadi mwenyewe aseme neno, kwa hiyo zimeni kipengele hicho. Ya pili na ya tatu zinafanya hivyohivyo kwa Via na Contact. Ya nne inazuia Asterisk kuwaambia watumiaji wawili wapelekeane sauti moja kwa moja baada ya simu kupokewa, jambo ambalo hujaribu kufanya isipokatazwa. Mkiwa na simu ambazo mtu anasikia "halo" moja halafu kimya, mkosaji ni huyo.

Mlisema "mara nyingi", si "kila mara". Hapo kagueni poti. Faili ya mfano ya rtp.conf, inayopanga poti za sauti na picha, huja na 10000 hadi 20000, na ruta inatakiwa kupeleka poti zilezile za UDP kwenye seva. Ruta ikiruhusu 10000 hadi 15000 tu, baadhi ya simu zitaangukia poti zilizofungwa na nyingine hapana, na itaonekana kama bahati nasibu. Hamhitaji poti elfu kumi. Kila upande wa simu hula poti mbili kwa sauti na mbili zaidi kwa video, kwa hiyo simu 50 za video kwa pamoja ni poti 400. Wekeni 10000 hadi 10500 pande zote mbili.

Kisha ingieni kwenye ruta, ya ofisini na za wafanyakazi, mzime kipengele kinachoitwa SIP ALG. Kiliwekwa kwa nia njema: ruta isome SIP na kubadilisha anwani za ndani. Kwa vitendo, nyingi hubadilisha Contact na kuacha `c=`, au hurefusha mwili wa ujumbe bila kusahihisha urefu uliotangazwa juu. Baada ya hapo hata seva iliyopangwa vizuri haiwezi kujua ukweli ni upi. Kwa sababu hiyohiyo, seva ikishapewa kazi ya kurekebisha anwani, ondoeni STUN (njia ya programu kuuliza anwani yake inavyoonekana nje) kwenye programu za SIP za wafanyakazi. Mrekebishaji mmoja anatosha, wawili wanaharibiana.

Sekunde ya 32

Pimeni kwa saa simu zile zinazokatika. Tunatarajia mtakuta 32, si 30, na namba hiyo inatoka kwenye kiwango chenyewe. SIP, katika hati ya kiwango chake, RFC 3261 ya mwaka 2002, ina kipimo kinachoitwa T1, milisekunde 500. Anayepokea simu akituma 200 juu ya UDP na asipate ACK, huirudia baada ya nusu sekunde, kisha sekunde 1, 2, 4, na kuanzia hapo kila sekunde 4. Zikitimia T1 mara 64, yaani sekunde 32, anakata tamaa na kutuma BYE. Wakati huo wote watu wawili wanazungumza bila shida, kwa sababu sauti ina njia yake na haimsubiri mtu.

ACK imepotelea wapi? Imekwenda kwenye Contact ya ile 200. Mtu wa nje akipiga, na seva ikajibu na Contact ya 192.168.10.5, programu yake itapeleka ACK kwenye anwani hiyo ndani ya mtandao wa nyumbani kwake. `external_signaling_address` ndiyo inayotibu hapo. Seva ikimpigia mtu wa nje, Contact mbovu inatoka kwa mtu huyo, na `rewrite_contact` ndiyo inayotibu.

Kuna mkataji mwingine wa kutofautisha. Kama simu inayokatika ilikuwa pia kimya, tazameni kama mmeweka `rtp_timeout`, ambayo hukata simu isiyopokea sauti kwa sekunde mlizotaja. Hiyo hupona sauti ikipona.

Contact mbovu ina uso mwingine unaochelewa. Simu nyingi huwa na muda wa uhai wa sekunde 1800 unaofanywa upya ukifika nusu. Ujumbe wa kuufanya upya nao huenda kwenye Contact. Ukipotea, simu hukatika baada ya dakika 15 na ushee, au karibu na dakika 30. Mkishatibu ile ya 32, wekeni simu moja ya majaribio wazi kwa dakika 35 kabla ya kutangaza ushindi.

Video isiyoita

Hii haihusiani na anwani. Ni ukubwa. INVITE ya sauti kama ile ya juu, hata ikijazwa mistari yote, kwa kawaida haifiki baiti 1,300. Ikiongezwa `m=video`, orodha ya kodeki za picha, vigezo vya H.264 na mistari ya uthibitisho, inavuka 1,500 kwa urahisi, na hicho ndicho kikomo cha pakiti kwenye mitandao mingi. UDP haina namna ya kuigawa kwa akili, kwa hiyo IP huikata vipande viwili. Namba ya poti iko kwenye kipande cha kwanza tu. Ruta au faiawoli nyingi zikiona kipande cha pili kisicho na poti hukitupa, na seva haiwezi kuunganisha nusu ya ujumbe. Mpigaji anatuma INVITE hadi mara saba, kwenye sekunde 0, 0.5, 1.5, 3.5, 7.5, 15.5 na 31.5, kisha anaonyeshwa 408 au maneno kama "hakuna jibu".

Kiwango chenyewe kinasema ujumbe unaozidi baiti 1,300, pale ukubwa unaopitika njiani haujulikani, utumwe kwa TCP. Programu nyingi zikipangiwa UDP hazijali. Ongezeni transport ya TCP kwenye pjsip.conf, au TLS ambayo ni bora zaidi kwa kuwa inaficha pia ishara, fungueni poti yake kwenye ruta na mbadilishe mipangilio ya programu. Halafu punguzeni orodha ya kodeki: `disallow=all`, kisha `allow=alaw,opus,h264`. Msipoiandika h264 hapo, simu itaita na kupokewa, lakini seva itajibu `m=video 0`, ambayo maana yake ni "picha sitaki", na mtabaki na sauti tupu.

Picha ikija nyeusi kwa sekunde kadhaa ndipo ionekane, msirudi kwenye ishara. Mpokeaji amejiunga katikati ya mkondo na anasubiri fremu kamili, kwa kuwa zilizopo katikati hubeba mabadiliko tu.

Kuona kwa macho

Msibadilishe mipangilio sita kwa mpigo. Kwenye seva endesheni `tcpdump -i any -s 0 -w simu.pcap udp`, pigeni simu moja, simamisheni, kisha fungueni faili kwa Wireshark, menyu ya Telephony, VoIP Calls, mchore mtiririko wake. Msichuje kwa `port 5060` mnapochunguza video: kipande cha pili hakina poti, hivyo kitakosekana kwenye faili hata kama kilifika, na mtalaumu ruta isiyo na hatia. Kwa kuangalia haraka ishara peke yake, `sngrep` kwenye terminali inatosha.

Someni `c=` na Contact za kila ujumbe wenye SDP, pande zote mbili za seva. Anwani ya ndani kwenye ujumbe unaotoka kwenu kwenda nje ni hitilafu yenu. Kwenye ujumbe unaoingia ni jambo la kawaida, mradi seva isiifuate. 200 inayojirudia bila ACK ni ile ya sekunde 32. RTP inayotoka bila inayoingia ni poti au faiawoli.

Simu za mkononi zisizoita

Hamkuuliza hili, lakini kwa wafanyakazi wa nje litakuja. Programu hujisajili kwa REGISTER, na usajili hudumu mara nyingi sekunde 3600. Ruta haina subira hiyo; nyingi hufuta njia ya UDP iliyokaa kimya kwa nusu dakika au dakika moja, ingawa RFC 4787 inataka isipungue dakika 2. Matokeo yake mfanyakazi anaweza kupiga lakini hapigiwi. `qualify_frequency=25` kwenye aor (sehemu ya pjsip.conf inayotunza usajili wa mtumiaji) hufanya seva ibishe hodi kila sekunde 25 na njia kubaki wazi. TCP husaidia zaidi na humaliza betri polepole.

Na mkija kuhamia kwenye simu za kivinjari, SDP na mpango wa pendekezo na jibu ni uleule, ila WebRTC, iliyokamilishwa kuwa kiwango mwezi Januari 2021, haikutaja ishara ipite vipi. Kwa Asterisk huwa ni SIP ndani ya WebSocket, muunganisho wa kudumu kati ya kivinjari na seva. Anwani hushughulikiwa na ICE. Kila upande hukusanya anwani yake ya ndani, ile inayoonekana nje kwa kuuliza STUN kwenye poti 3478, na ya seva ya kupitishia ya TURN, kisha jozi zote hujaribiwa hadi moja ipite. Simu ikifaulu kwenye mitandao ya nyumbani na kushindwa kwenye data za simu, mmekosa TURN, kwa kuwa baadhi ya mitandao hutoa poti mpya kwa kila anayewasiliana naye na jibu la STUN halifai tena. TURN hubeba sauti na picha yote, hivyo hapo ile kasi mliyoongeza itapata kazi.

Jambo moja kabla hamjafungua poti yoyote: 5060 iliyo wazi hupekuliwa na roboti usiku na mchana, zikijaribu namba 100, 101, 102 na nywila zinazofanana nazo. Wakipata moja hupiga simu za kimataifa kwa gharama yenu. Tumieni nywila ndefu za nasibu, jina la uthibitisho lisilofanana na namba ya simu, `fail2ban` ya kuwafungia wanaorudiarudia, na kwa mtoa huduma wenu wa simu ombeni kikomo cha gharama kwa siku.